Jack Kirby: Mchoraji, Mtunzi na Kiwanda cha Katuni

Jack Kirby alizaliwa tarehe 28 Agosti 1917 katika mtaa wa Lower East Side jijini New York, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Jacob Kurtzberg. Wazazi hao, Benjamin na Rose, walikuwa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Austria, na riziki ya nyumba ilitokana na kazi ya baba katika viwanda vya nguo. Mtaa huo ulikuwa wa mafukara waliosongamana. Vijana wake walipigana makundi kwa makundi, wakifukuzana hadi juu ya mapaa, na Kirby alikuwa mmoja wao. Yeyote anayetaka kujua ni kwa nini ngumi katika katuni zake huonekana kana kwamba zitamfikia msomaji usoni hana haja ya kutafuta mbali. Kuchora alijifundisha mwenyewe, kwa kuiga katuni za magazeti na kwa kwenda sinema kila alipopata senti.

Kazi yake ya awali aliipata katika filamu za katuni. Katikati ya miaka ya 1930 aliajiriwa na studio ya Max Fleischer, iliyokuwa ikitengeneza filamu za baharia Popeye. Katika kazi ya aina hii, msanii mkuu huchora mwanzo na mwisho wa tendo, kwa mfano mguu ukiwa chini kisha ukiwa juu, na msaidizi huchora hatua zote zilizo katikati. Kirby alikuwa msaidizi wa namna hiyo. Meza zilipangwa safu kwa safu, kila mtu akiongeza kijisehemu chake. Alivyokuja kueleza baadaye, mandhari ile ilimkumbusha kiwanda cha baba yake, naye hakukusudia kuishi maisha hayo. Akaondoka. Studio hiyo hiyo ndiyo iliyotengeneza filamu za kwanza za katuni za Superman kuanzia mwaka 1941, lakini wakati huo Kirby alikuwa amekwisha kuwa na jagina wake mwenyewe.

Baada ya kuchorea magazeti madogo kwa lakabu mbalimbali, alitua kwenye jina la Jack Kirby na akalishika maisha yake yote. Wapo waliodhani kuwa alilibadili ili kuuficha Uyahudi wake, na dhana hiyo ilimkera sana. Katika ofisi za wachapishaji wa New York alikutana na Joe Simon, na kwa pamoja wakambuni Captain America. Toleo la kwanza lilifika madukani Desemba 1940, likiwa na tarehe ya Machi 1941, na jalada lake lilimwonyesha jagina huyo akimpiga Hitler ngumi ya taya. Marekani yenyewe haikuingia vitani hadi mwaka mmoja baadaye. Nakala karibu milioni moja ziliuzwa. Simon na Kirby walikuwa wameahidiwa mgao wa faida. Waliposhawishika kwamba mchapishaji wao, Martin Goodman, hawapi haki yao, walianza mazungumzo ya siri na kampuni shindani na, baada ya matoleo kumi tu, wakamwacha jagina wao nyuma. Kadhia hii itajirudia katika maisha ya Kirby mara nyingi kiasi cha kumchosha msomaji, kama ilivyomchosha yeye.

Mwaka 1942 alimwoa Rosalind Goldstein, na mwaka uliofuata akaandikishwa jeshini. Alifika pwani ya Omaha nchini Ufaransa tarehe 23 Agosti 1944, miezi miwili na nusu baada ya uvamizi wenyewe, ingawa yeye alizoea kusimulia kwamba ilikuwa siku kumi tu baadaye. Inasimuliwa kuwa ofisa wake, alipotambua kwamba huyu ndiye mchoraji wa Captain America, alimtuma atangulie mbele ya kikosi ili achore maeneo yaliyoshikwa na adui, kazi ya hatari kuliko nyingi. Majira ya baridi ya mwaka huo miguu yake iliharibiwa na baridi kali, akapelekwa hospitalini London na kuponea chupuchupu kukatwa. Vita havikumtoka tena akilini.

Miaka iliyofuata inaweza kupitwa upesi. Yeye na Simon walianzisha katuni za mapenzi mwaka 1947, zikauzwa sana. Kisha mwaka 1954 biashara nzima ikayumba baada ya katuni kushutumiwa hadharani kuwa zinawapotosha watoto, na ushirika wao ukavunjika. Kufikia mwisho wa muongo huo Kirby alikuwa na watoto wa kulisha na mgogoro na mhariri mmoja wa kampuni ya DC. Alirudi kwa Goodman, yule yule, akiwa mchoraji wa kulipwa kwa ukurasa.

Hapo ndipo yalipotokea mambo ambayo wapenzi wa katuni hawajaacha kuyajadili. Mhariri wa Goodman alikuwa Stan Lee, na kuanzia Fantastic Four ya mwaka 1961 wawili hawa walitoa, katika muda wa miaka michache, Hulk, Thor, X-Men na Avengers. Swali ni nani aliyetunga. Lee, aliyekuwa na matoleo mengi ya kuandika kila mwezi, hakumpa mchoraji hati kamili ya hadithi. Walizungumza kuhusu wazo, pengine kwa dakika chache. Kirby akaenda kwenye chumba cha chini ya nyumba yake na kuchora kisa chote, akiamua nani aingie, nani apigane na nani, wapi kisa kikazwe na wapi kilegezwe, huku akiandika maelezo katika pambizo za kurasa. Kurasa zilipomrudia Lee, ndipo alipojaza maneno katika viputo. Kisha toleo likachapishwa na tangazo kwamba limeandikwa na Stan Lee na kuchorwa na Jack Kirby.

Mfano unaotosha ni wa mwaka 1966. Kirby alipoleta kurasa za kisa cha Galactus, dubwana linalokula sayari, Lee alikuta humo mhusika ambaye hawakuwahi kumzungumzia: mtu wa rangi ya fedha anayesafiri angani juu ya ubao. Kirby aliona kwamba kiumbe mwenye ukuu kama huo hawezi kukosa tarishi. Huyo ndiye Silver Surfer, na Lee mwenyewe alikiri hadharani kwamba alikuwa wa Kirby mtupu. Hata hivyo, alipopewa kitabu chake mwaka 1968, Lee alimkabidhi mchoraji mwingine na kumtungia asili nyingine, Kirby akiwa bado anaiwazia asili tofauti kabisa. Mhakiki yeyote wa riwaya angekubali kwamba anayebuni mhusika, msuko na mandhari ni mtunzi. Wanafunzi wa fasihi simulizi wamezoea kazi isiyo na mtunzi mmoja. Sheria ya hakimiliki, kwa upande wake, hutaka jina la mtu au la kampuni, na hapa ilichagua kampuni.

Mwaka huo wa 1966, baada ya nchi nyingi za Afrika kupata uhuru, Fantastic Four namba 52 ilimleta Black Panther, mfalme wa Wakanda, jagina wa kwanza Mwafrika katika katuni za kampuni kubwa za Marekani. Katika mchoro wake wa awali Kirby alikuwa amemwita Coal Tiger. Lililo muhimu zaidi ni nchi aliyomchorea. Wageni wanaingia msituni wakitarajia vibanda, wanakuta msitu wenyewe ni mitambo, shina kwa shina. Ubunifu huo haukutokana na ujuzi wa bara hili, na Wakanda ya kurasa zile ina kasoro zake. Lakini ni vigumu kutaja katuni nyingine ya Kimarekani ya zama hizo iliyomfikiria Mwafrika kama bwana wa teknolojia.

Januari ya mwaka huo gazeti la New York Herald Tribune lilichapisha makala iliyomtukuza Lee na kumfananisha Kirby na nyapara msaidizi wa kiwanda cha nguo za ndani za kike. Mwandishi huenda hakujua baba wa Kirby alifanya kazi wapi. Rosalind aliyajua yote, na inasemekana kwamba alimpigia Lee simu asubuhi hiyo kwa hasira. Mwaka huo huo runinga ikaanza kuonyesha The Marvel Super Heroes, filamu za katuni zilizotengenezwa kwa njia rahisi mno: kurasa zilizokwisha kuchapishwa zilinakiliwa, mdomo ukafanywa ucheze, mkono ukainuliwa, basi. Watoto walioitazama waliitazama michoro ya Kirby yenyewe. Kwa kuwa michoro ilihesabiwa kuwa mali ya kampuni, mgao wa faida haukumhusu. Mtu aliyewahi kuchora zaidi ya kurasa 1,000 katika mwaka mmoja hakuwa na bima ya afya kazini.

Mwaka 1970 alihamia DC kwa ahadi ya kuandika na kuhariri mwenyewe, na akaanza kisa kikubwa kuliko vyote alivyowahi kuwaza, kilichotandazwa katika vitabu kadhaa vikiwemo New Gods na Mister Miracle, kuhusu miungu wa sayari mbili na dikteta Darkseid anayetafuta fomula ya kuzitawala nia za viumbe wote. Aliyeona Ulaya ya 1944 hakuhitaji kubuni sana. DC ilimwajiri kwa sababu ya mkono wake, kisha ikawaajiri wengine wafute nyuso za Superman alizochora na kuzichora upya zifanane na za zamani. Ni kweli pia kwamba mazungumzo aliyoyaandika peke yake yalikuwa magumu kama ubao, na hapo thamani ya Lee huonekana. New Gods kilikomeshwa mwaka 1972 baada ya matoleo 11, kisa kikiwa hakijafika mwisho. Alirudi Marvel mwaka 1975, akaandika hata Black Panther, akaondoka tena mwaka 1978.

Safari hii aliondoka kwenda kule alikotoka. Studio ya DePatie-Freleng ilikuwa ikitengeneza Fantastic Four mpya ya runinga, na Kirby, mwenye umri wa miaka 60, akaichorea mtiririko wa matukio. Mfululizo wenyewe haukuwa wa kusifiwa. Jagina wa moto aliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na roboti. Baadaye, katika studio ya Ruby-Spears, alibuni maadui, mitambo na mandhari ya Thundarr the Barbarian, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1980. Filamu za katuni, alizozikimbia ujanani kwa sababu zilifanana na kiwanda, zilimlipa vizuri kuliko vitabu vilivyowahi kumlipa, na zikampa bima ya afya. Huko vijana waliomzunguka walikuwa wamekua wakisoma kurasa zake.

Kurasa zenyewe zilikuwa wapi? Katikati ya miaka ya 1980 Marvel ilianza kuwarudishia wachoraji michoro yao ya asili. Wengine walitakiwa kutia sahihi hati ya ukurasa mmoja. Kirby aliletewa hati ya kurasa nne, yenye masharti ambayo hakuwekewa mwingine, ili arudishiwe michoro 88 kati ya maelfu aliyochora. Alikataa, na wachoraji wenzake wakamwunga mkono hadharani. Mwaka 1987 alipata michoro ipatayo 2,000. Mingi kati ya iliyosalia haikuonekana. Uchungu wa mzozo huo ulimfanya adai katika mahojiano ya uzeeni kwamba Lee hakuandika lolote, dai lisilokubalika, kama zilivyo siku kumi za Omaha. DC, kwa upande wake, ilimwomba achore upya baadhi ya wahusika wake kwa ajili ya vinyago vya kuchezea ili apate mrabaha, na tangu mwaka 1984 Darkseid akaingia katika filamu za katuni za runinga.

Kirby alifariki tarehe 6 Februari 1994 nyumbani kwake Thousand Oaks, California, akiwa na umri wa miaka 76. Mwaka 1998, katika mfululizo wa Superman: The Animated Series, watengenezaji walimuua mpelelezi Dan Turpin, mhusika aliyebuniwa na Kirby na ambaye walikuwa wamempa sura ya Kirby mwenyewe, mfupi, mpana na sigara nene mdomoni. Darkseid ndiye aliyemuua. Mazishi yalifanyika kwa ibada ya Kiyahudi, na katika toleo la kwanza lililorushwa hewani baadhi ya waombolezaji walikuwa viumbe wa kalamu ya marehemu. Kipindi hicho kilitolewa kwa kumbukumbu yake.

Warithi wake walidai hakimiliki mwaka 2009, wakashindwa mahakamani mwaka 2011 na tena katika rufaa mwaka 2013. Septemba 2014, siku chache kabla ya Mahakama ya Upeo ya Marekani kuamua kama ingeisikiliza kesi, pande mbili zilipatana kwa masharti yasiyotangazwa. Filamu ya Black Panther, ambamo Mkenya Lupita Nyong'o aliigiza Nakia, ilitoka mwaka 2018, na maandishi yake yanataja katuni za Stan Lee na Jack Kirby.