Hermann Föttinger: Mjerumani aliyeweka oili kati ya injini na magurudumu

Mfanyabiashara anayetoa gari la otomatiki lenye tabo katika bandari ya Mombasa au Dar es Salaam na kulivusha hadi Kampala, Kigali au Lubumbashi huwa amefunga mtaji mkubwa katika mzigo mmoja. Mnunuzi akitaka gari lipimwe nguvu kwenye mashine ya rola, na karatasi ikatoka na namba ndogo kuliko iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, bei hushuka papo hapo. Injini inaweza kuambiwa imechoka hali ya kuwa nzima. Pengine imezalisha nguvu yake yote, ila sehemu ya nguvu hiyo imepotea njiani, ndani ya konveta, lile bakuli lililojaa oili kati ya injini na giaboksi.

Aliyebuni konveta ni mhandisi wa Kijerumani, Hermann Föttinger. Jina lake limo katika vitabu vya uhandisi duniani kote, ingawa wengi wanaotumia kazi yake kila siku hawajawahi kulisikia. Kabla ya kubuni konveta, Föttinger alikuwa mpimaji wa nguvu za injini za meli. Kwa hiyo mtu aliyetuachia kifaa kinachokula nguvu kidogo njiani ndiye pia aliyesisitiza kwamba nguvu ipimwe mahali inapofanyia kazi.

Kijana wa Nuremberg

Föttinger alizaliwa Nuremberg, kusini mwa Ujerumani, tarehe 9 Februari 1877. Alisomea uhandisi wa umeme mjini Munich, na mwaka 1899 akaajiriwa na kiwanda cha kujenga meli cha Vulcan katika mji wa Stettin, karibu na Bahari ya Baltiki. Wakati ule Stettin ilikuwa Ujerumani. Leo ni Szczecin, mji wa Poland.

Vulcan haikuwa karakana ndogo. Ndiyo iliyojenga Kaiser Wilhelm der Grosse, meli ya abiria iliyoshushwa majini mwaka 1897 na kuchukua rekodi ya mwendo kasi wa kuvuka Atlantiki. Kijana aliyesomea umeme aliingia mahali ambapo kila tani ya makaa ya mawe ilihesabiwa, na mwenye meli alitaka kujua kama nguvu aliyoilipia ndiyo aliyopewa.

Jibu la swali hilo lilikuwa gumu. Injini za mvuke za zamani zilikuwa na silinda na pistoni. Mafundi walifunga kifaa cha kuchora shinikizo la mvuke ndani ya silinda, kisha wakakokotoa nguvu kutokana na mchoro huo. Namba waliyoipata ilikuwa nguvu ya ndani ya silinda tu. Haikueleza ni kiasi gani kilichofika kwenye rafadha, ile feni ya chini ya maji inayosukuma meli.

Halafu ikaja tabini. Mwaka 1897 Mwingereza Charles Parsons aliionyesha dunia chombo chake kidogo, Turbinia, kikizipita mbio meli za kivita za nchi yake. Tabini huzungushwa na mvuke moja kwa moja, haina silinda wala pistoni. Kifaa cha zamani cha kupimia hakikuwa na mahali pa kufungwa.

Föttinger aliliangalia shafti lenyewe, chuma kirefu kinachounganisha injini na rafadha. Chuma kile, hata kikiwa kinene kama mti, hujipinda kidogo kinapobeba nguvu, kama nguo inavyojisokota mikononi mwa anayeikamua. Ukijua ugumu wa chuma, ukapima kimejipinda kiasi gani, na ukahesabu mizunguko yake kwa dakika, unapata nguvu halisi inayopita pale. Alitengeneza chombo cha kukuza na kusoma mpindo huo mdogo meli ikiwa safarini. Kazi hiyo ya upimaji ilimpatia shahada ya udaktari.

Tabini ina haraka, rafadha haina

Tatizo la pili liliijia Vulcan kutokana na tabini ileile. Tabini hufanya kazi vizuri ikizunguka kwa kasi kubwa. Rafadha husukuma maji vizuri ikizunguka polepole. Ukiziunganisha moja kwa moja, moja lazima iumie. Gia za chuma za wakati ule hazikuaminika kubeba maelfu ya nguvu za farasi, na tabini haiwezi kugeuzwa izunguke kinyume ili meli irudi nyuma.

Kwa kuwa alisomea umeme, Föttinger kwanza alifikiria kuweka jenereta upande wa tabini na mota upande wa rafadha. Mzigo ulikuwa mzito na ghali. Akageukia maji: tabini izungushe pampu, pampu isukume maji, maji yazungushe gurudumu la upande wa pili. Lakini maji yakipita kwenye mabomba hupoteza nguvu kila kona. Hatua yake kubwa ilikuwa kuyaondoa mabomba yote. Aliweka pampu na gurudumu la kupokea katika kasha moja, yakitazamana kwa karibu, maji yakitoka huku na kuingia kule bila safari ndefu. Aliomba hataza ya ubunifu huo mwaka 1905, akiwa na umri wa miaka 28.

Ndani ya kasha aliweka pia safu ya tatu ya mapanga, isiyozunguka, ambayo mafundi wetu huiita stata. Kazi yake ni kugeuza mkondo wa maji na kuupa upande wa kupokea nguvu kubwa zaidi ya kuzungusha kuliko ile iliyoingia. Ukiitoa stata, kinachobaki ni kiungo cha maji tu: nguvu ya kuzungusha inayotoka ni sawa na inayoingia. Mitambo hiyo miwili, wenye stata na usio nayo, yote ni urithi wake.

Mwaka 1913 Vulcan ilikamilisha Königin Luise, meli ya abiria iliyotumia mtambo huo. Maisha yake yalikuwa mafupi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, ilitumwa kutega mabomu baharini, na tarehe 5 Agosti 1914 Waingereza waliizamisha.

Kushindwa na gia

Hata bila vita, mtambo wa Föttinger ulikuwa na mpinzani. Gia za chuma ziliendelea kuboreshwa mpaka zikaweza kufikisha takriban asilimia 98 ya nguvu. Mtambo wake ulifikisha kama asilimia 90. Katika kila nguvu za farasi 1,000, yeye alipoteza 100 kwa joto wakati gia zilipoteza 20. Mwenye meli anayenunua makaa kwa safari ya siku nyingi hakuhitaji kuelezwa zaidi. Gia zikachukua nafasi.

Föttinger hakuwa tena karakanani. Tangu mwaka 1909 alikuwa profesa mjini Danzig, ambako alijenga mafunzo na utafiti wa mwenendo wa maji na hewa. Baada ya vita, mwaka 1920, Danzig ilifanywa mji huru, nje ya Ujerumani. Leo ni Gdańsk, nchini Poland. Mwaka 1924 alihamia chuo cha ufundi cha Berlin, na huko akaendelea kufundisha.

Wakati huohuo ubunifu wake ulikuwa unapata wateja wapya. Kile kilichomwangusha kwa wenye meli, yaani ulegevu wa maji kati ya pande mbili, kilikuwa faida mahali pengine. Kiungo cha maji hakipitishi mitikisiko, kwa hiyo kilifaa kati ya injini za dizeli na gia zake. Mwaka 1930 kampuni ya Daimler ya Uingereza ilianza kuuza magari yenye kiungo hicho, dereva akiweza kuondoka taratibu bila kuhangaika na klachi. Mwaka 1948 Buick ya Marekani ilileta gari la otomatiki lenye konveta kamili, na Wajapani wakafuata mwishoni mwa miaka ya 1950.

Föttinger hakuiona Buick. Alifariki Berlin tarehe 28 Aprili 1945, akiwa na miaka 68, mji ukiwa bado unapiganiwa. Siku chache baadaye vita ilikwisha Ulaya.

Karatasi ya rola inasema nini

Urithi wake unamgusa vipi mwenye gari pale mpakani? Tuanze na kuteleza. Konveta haiwezi kupeleka nguvu bila pande zake mbili kupishana mwendo kidogo, kwa sababu oili isiyo na tofauti ya mwendo haisukumwi. Tuseme injini inazunguka mara 4,000 kwa dakika na upande wa giaboksi mara 3,600. Huo ni mtelezo wa asilimia 10. Katika mwendo huo wa juu, ambapo stata haiongezi tena kitu, injini ya nguvu za farasi 200 itapoteza kama 20. Hizo ni kilowati 15 hivi, sawa na pasi 15 za umeme zikiwaka pamoja ndani ya bakuli moja la oili.

Tabo huongeza tatizo. Uwezo wa konveta kubeba mzigo hukua haraka kadiri injini inavyozunguka kasi: mizunguko ikiwa mara mbili, uwezo ni mara nne. Tabo huleta nguvu kwa ghafla, mara nyingi mizunguko ikiwa bado michache. Konveta hushindwa kuibeba, injini hukimbia mbele, rola hubaki nyuma mpaka mizunguko ipande. Kompyuta iliyowekwa kuamini kwamba mwendo wa rola na mwendo wa injini hufuatana kwa uwiano uleule itaandika namba katika mizunguko isiyo sahihi. Mwanzoni stata inaweza kuifanya nguvu ya kuzungusha ionekane kubwa kuliko ile ya injini, na mwishoni nguvu za farasi zikaonekana pungufu. Gari likirudiwa kupimwa bila kupumzishwa, oili huzidi kupata moto na majibu huzidi kutofautiana.

Konveta za kisasa zina klachi ndani yake inayofunga pande mbili zizunguke pamoja, na hapo mtelezo huisha. Fundi makini hupima katika gia ambayo mzunguko wa kuingia na wa kutoka unakaribia kulingana, klachi hiyo ikiwa imefunga kama gari linaruhusu, na huzuia giaboksi isishuke gia katikati ya kipimo.

Kabla ya kukubali bei kushushwa, muuzaji aulize mambo matatu. Gari lilipimwa katika gia gani? Klachi ya konveta ilikuwa imefunga? Karatasi inaonyesha mizunguko ya injini na mwendo wa rola pamoja? Akumbuke pia kwamba namba ya kwenye kitabu ni nguvu ya injini yenyewe, wakati rola hupima kilichobaki baada ya giaboksi, difu na matairi.

Mnunuzi naye ana haki yake. Kama klachi ilitakiwa kuwa imefunga na injini bado inakimbia mbele ya rola, hilo si umbile la konveta. Ni ubovu wa konveta au wa giaboksi, na oili inayonuka kuungua huthibitisha mashaka. Hapo bei ipunguzwe kwa gharama ya kutengeneza sehemu hiyo, si kwa gharama ya injini nzima.