Alice Stebbins Wells: Polisi aliyedhaniwa ameiba beji ya mumewe

Ukivuka mpaka pale Busia au Malaba, kuna mahali utasimamishwa. Mama aliyebeba trei za mayai kutoka Uganda, binti anayerudi nyumbani na begi lake, mfanyabiashara aliyejifunga pesa kiunoni, yeyote anaweza kupekuliwa. Sheria ya Kenya inasema mwanamke akipekuliwa mwilini, anayempekua awe mwanamke. Leo tunaona hilo ni jambo la kawaida tu. Lakini jiulize, kama kituo kizima hakina afisa wa kike hata mmoja, itakuwaje?

Swali kama hilo ndilo lililomsukuma Alice Stebbins Wells, Mmarekani aliyezaliwa Kansas mwaka wa 1873. Alisomea theolojia na kuhubiri makanisani, enzi ambazo mwanamke mimbarini alikuwa kioja. Alipohamia Los Angeles, alishikilia kwamba wanawake na watoto wakiangukia mikononi mwa polisi, wanahitaji afisa mwanamke wa kuwashughulikia. Kanisa pekee halitoshi, na wafadhili wenye huruma hawatoshi. Awe polisi kamili, mwenye mamlaka ya kukamata.

Basi hakukaa kulalamika. Alizunguka akikusanya saini za watu wenye sauti mjini, akapeleka ombi kwa meya na baraza la jiji. Tarehe 12 Septemba 1910, akiwa na miaka 37, aliapishwa. Hakupewa bunduki. Sare pia hakukuwa na ya mwanamke, kwa hivyo alijishonea mwenyewe, gauni refu hadi miguuni.

Sasa hapa ndipo kuna kisa chenyewe. Siku hizo polisi walipanda tramu bure wakionyesha beji. Alice alipoonyesha yake, kondakta alimshuku kuwa anatumia beji ya mumewe. Yaani ameapa, yuko kazini, na bado haaminiki! Wakubwa wake walimtengenezea beji nyingine, iliyoandikwa wazi kuwa ni ya polisi mwanamke, namba moja.

Kazi yake ilikuwa kuzunguka kumbi za dansi, sinema na viwanja vya kuteleza, kuangalia usalama wa vijana na kutafuta waliopotea. Muda si muda ikatolewa amri kwamba wasichana wahojiwe na polisi wa kike peke yao.

Tuseme ukweli, hakuwa wa kwanza kabisa Marekani. Marie Owens wa Chicago na Lola Baldwin wa Portland walimtangulia. Tofauti ni kwamba Alice alikataa kubaki peke yake. Alisafiri miji mingi ya Marekani na Kanada akihutubia na kuwashawishi viongozi waajiri wanawake. Mwaka wa 1915 alisaidia kuanzisha chama cha kimataifa cha polisi wa kike, akawa rais wake wa kwanza. Alistaafu mwaka wa 1940, akafariki 1957. Kwenye mazishi yake, polisi wanawake 10 walisimama gwaride la heshima.

Kwetu, njia hiyo ilipitiwa na wengine. Phoebe Asiyo alipanda hadi cheo cha juu katika idara ya magereza miaka ya uhuru. Baada ya Katiba ya 2010, Grace Kaindi akawa Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi.

Kwa hivyo wewe dada wa Busia, Malaba au popote ulipo, siku ya kusajili makurutu ikifika na mtu akakucheka ukiwa kwenye foleni, kumbuka huyu mama wa tramu. Naye alichekwa. Na yule binti mwenye begi pale mpakani atafurahi sana akikuta aliyevaa sare ni wewe.