Chuma, Mtoto Aliyesomeshwa

Afikaye Mikindani, karibu na Mtwara, hukawii kumsikia akisimuliwa habari za Dr. Livingstone, aliyeshuka pwani hiyo mwaka 1866. Wachache huambiwa kwamba walioshuka pamoja naye walikuwamo vijana wa Kiafrika waliotoka shuleni Bombay. Mmoja wao alikuwa James Chuma. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu maisha yake, maana yana fundisho kwa kila nyumba ya Kikristo.

Chuma alikuwa Myao, aliyezaliwa yapata mwaka 1850, naye akiwa bado mtoto alitiwa utumwani. Mwaka 1861, katika nchi iitwayo leo Malawi, Livingstone na Askofu Mackenzie wa Kianglikana walikutana na msafara wa watumwa, wakawafungua watu 84, wengi wao wanawake na watoto. Chuma na mwenzake Wikatani walikuwa miongoni mwao. Mwaka 1864 Livingstone aliwavusha bahari hadi Bombay, akawaweka katika shule ya Dr. Wilson, mmisionari wa Kiskoti. Watoto wale hawakuwa na baba wa kuwalipia wala shamba la kuuza. Walisoma kwa fadhili za watu wasio wa ukoo wao. Huko Chuma akabatizwa.

Machi 1866 walirudi Afrika. Mdomo wa Ruvuma ulijaa mikoko, wasiweze kuteremsha wanyama wao wa mizigo, basi wakashukia Mikindani, wakashika njia ya kufuata mto. Walipokuwa karibu na Ziwa Nyasa, Wikatani alipata habari za ndugu zake, akaomba kubaki. Livingstone hakumshurutisha; alimwacha aende, akampa nguo na karatasi za kuandikia.

Chuma aliendelea na safari. Hatusemi kwamba alikuwa malaika: mwaka 1868 yeye na wenzake walikataa kumfuata bwana wao hadi Ziwa Bangweulu. Baadaye walirudi, wakapokewa.

Livingstone alipofariki, mwezi Mei 1873, Chuma na mwenziwe Susi ndio waliowaongoza wenzao kuuchukua mwili wake hadi pwani. Jacob Wainwright, aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, Bara Hindi, alisoma sala za maziko na kuandika orodha ya vitu vya marehemu. Ndivyo elimu ya mtoto wa watu ilivyofaa siku ile porini. Februari 1874 walifika Bagamoyo, na Mapadre wa Roho Mtakatifu wakaupokea mwili. Misheni ile nayo ilikuwa ikiwalea watoto waliokombolewa, ikisaidiwa na sadaka za Utoto Mtakatifu, shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843, ambamo watoto walitoa senti zao kwa ajili ya watoto wenzao.

Baadaye Chuma akawa kiongozi mashuhuri wa misafara. Alimsaidia Askofu Steere katika safari za kwenda nchi ya Wayao, zilizozaa misheni ya Masasi mwaka 1876. Mwaka 1881 alipita tena Ruvuma pamoja na Joseph Thomson, wakimtafutia Sultani Barghash makaa ya mawe. Alifariki Zanzibar mwaka 1882, akiwa mtu wa miaka thelathini na kitu tu.

Ndugu wasomaji, tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, na tangu mwaka 2022 hadi kidato cha sita. Jambo hilo twalishukuru. Hata hivyo gharama za sare, madaftari na nauli hazikuondolewa pamoja na ada. Mtoto wa mvuvi wa Msimbati, au wa mjane ambaye mikorosho yake haikuzaa, aweza kufaulu mtihani na bado akabaki nyumbani. Yafaa basi kila jumuiya ndogondogo ijiulize ni mtoto gani jirani yuko katika hali hiyo, nayo imchangie.

Tena tukimsomesha, tusimfanye mtumwa wa fadhili zetu. Wako wafadhili wanaomchagulia mtoto kazi na makao, na akienda njia yake humwita mwizi wa fadhila. Chuma alibaki na mfadhili wake, Wikatani akarudi kwa ndugu zake. Wote wawili walikuwa wamekombolewa kweli. Atoaye na atoe kisha amwachie Mungu mavuno, na mtoto aondokaye apewe karatasi zake za kuandikia.