Hermann Lehmann: Mtafiti Aliyetofautisha Upungufu wa Chuma na Maradhi ya Damu ya Kurithi

Profesa Hermann Lehmann alizaliwa Julai 1910 katika mji wa Halle, Ujerumani. Alisomea udaktari nchini humo, lakini kwa kuwa alikuwa Myahudi, utawala wa Wanazi ulimfungia njia ya kuhitimu, hivyo shahada yake aliipata Basel, Uswisi, mwaka 1934. Miaka miwili baadaye alihamia Cambridge, Uingereza. Huko nako, mwaka 1940, aliwekwa kizuizini kama raia wa nchi adui, ingawa adui huyo ndiye aliyemkimbiza kwao. Baada ya kuachiwa, Uingereza ilimpa sare ya jeshi lake na kumpeleka India kuwa daktari wa askari.

India ndiko alikoanza kushughulikia upungufu wa damu. Vita vilipokwisha, mwaka 1947, alitumwa Makerere, Uganda, kuchunguza utapiamlo na tatizo hilohilo. Aliwakuta wagonjwa wengi ambao damu yao ilikuwa ikinyonywa polepole na minyoo ya safura, hata akiba ya madini ya chuma mwilini ikaisha. Hao walihitaji chuma na dawa ya minyoo.

Si wote waliokuwa hivyo. Wapo waliozaliwa na kasoro katika himoglobini yenyewe, yaani ile sehemu ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni. Akishirikiana na Alan Raper, daktari wa maabara aliyekuwa Kampala, Lehmann alipima damu za watu wa makabila mbalimbali ya Uganda kutafuta selimundu. Kipimo kilikuwa chepesi: tone la damu hunyimwa hewa, na chembe zenye kasoro hujikunja mfano wa mundu. Matokeo waliyoyatangaza mwaka 1949 yalishangaza. Katika baadhi ya makabila, wenye alama hiyo hawakufika 5 kati ya watu 100, ilhali miongoni mwa Baamba, wakazi wa Bwamba chini ya milima ya Ruwenzori, walikaribia 45 kati ya 100.

Kwa nini tofauti kubwa hivyo? Lehmann aliitafuta sababu katika asili ya makabila, na mwaka 1952 alipogundua alama hiyohiyo kwa watu wa milima ya Nilgiri, kusini mwa India, alizidi kuutazama ugonjwa kama nyayo za mababu waliohama. Jibu lenye nguvu zaidi lilitoka kwa Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, ambaye mwaka 1954 alionyesha kwamba aliyerithi kasoro hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Takwimu za Uganda zilidumu kuliko maelezo ya mwenyewe aliyezikusanya. Hata hivyo Lehmann hakulisusa suala hilo; mwaka 1956 yeye na Raper walilirudia, wakiandika juu ya Baamba na namna kiwango cha juu kiasi hicho kinavyoweza kudumu katika jamii.

Kuanzia 1951 alifanya kazi katika Hospitali ya St Bartholomew's, London, na kuanzia 1963 aliongoza Cambridge kituo cha utafiti wa himoglobini zisizo za kawaida. Sampuli zilimfikia kutoka mabara mengi. Herufi zilizotumika kuzitaja himoglobini hizo zilipoelekea kwisha, zikapewa majina ya mahali zilikogunduliwa.

Kazi hiyo ya maabara ilikuwa na uzito wodini. Damu ya mwenye thalasemia, ugonjwa mwingine wa kurithi, ikitazamwa kwa hadubini huonyesha chembe ndogo zilizopauka, kama za mtu aliyepungukiwa chuma. Daktari akikosea na kumpa dawa za chuma kwa muda mrefu, humdhuru, kwa sababu mwili hauna njia ya kutoa chuma kilichozidi. Hujilimbikiza katika ini na moyo. Kuongezewa damu mara kwa mara, ambako mgonjwa wa aina kali ya thalasemia hukuhitaji ili aishi, huleta mzigo huohuo. Vipimo vinavyobainisha himoglobini ndivyo vinavyomwezesha daktari kutofautisha wagonjwa hawa wawili kabla ya kuandika dawa.

Lehmann alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka 1972. Alifariki dunia Cambridge, Julai 1985, akiwa na umri wa miaka 75.