Nicolaus Copernicus

Nicolaus Copernicus (Toruń, 19 Februari 1473 – Frombork, 24 Mei 1543) alikuwa mwanaastronomia, mwanahisabati, tabibu na mtaalamu wa sheria za Kanisa katika nchi ya Polandi. Anajulikana hasa kwa kufundisha kwamba Dunia na sayari nyingine huzunguka Jua.

Maisha na masomo

Baba yake, aliyekuwa mfanyabiashara, alifariki Nicolaus akiwa bado mtoto. Alilelewa na mjomba wake Lucas Watzenrode, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Warmia. Kuanzia mwaka 1491 alisoma Kraków, kisha akaenda Italia. Huko Bologna alisomea sheria, Padova alisomea tiba, na mwaka 1503 alipata udaktari wa sheria za Kanisa mjini Ferrara.

Nchini Italia alijifunza pia Kigiriki. Mwaka 1509 alichapisha tafsiri yake ya Kilatini ya barua za Theofilakto Simokata, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 7.

Astronomia na vitabu vya kale

Kwa miaka karibu 1400 wataalamu walifuata mfumo wa Ptolemaio, ambamo Dunia imetulia katikati ya ulimwengu. Copernicus hakuridhika nao, akaanza kusoma upya wanafalsafa wa kale. Katika maandishi ya Cicero na Plutarko alikuta kwamba baadhi ya Wagiriki walikwisha kufikiri kuwa Dunia inasogea. Jambo hilo, kama alivyoeleza mwenyewe kwa Papa Paulo III, lilimpa ujasiri wa kulichunguza wazo hilo kwa hesabu. Hivyo elimu ya lugha na historia ilichangia mwanzo wa sayansi ya kisasa.

Kitabu chake

Aliogopa kudharauliwa, hivyo alichelewa miaka mingi kutoa kitabu chake kikuu kuhusu mizunguko ya angani. Mwaka 1539 alitembelewa na mwanahisabati kijana Georg Joachim Rheticus, aliyemshawishi akichapishe. Kilitoka Nuremberg mwaka 1543, mwaka aliofariki.

Andreas Osiander, aliyesimamia uchapishaji, aliongeza dibaji bila kutia jina lake, akidai kwamba nadharia hiyo ni njia ya kurahisisha hesabu tu, si lazima iwe kweli. Wasomaji wengi walidhani ni maneno ya Copernicus, hadi Johannes Kepler alipomtaja Osiander hadharani mwaka 1609.

Mwaka 1616 Kanisa Katoliki lilizuia kitabu hicho hadi kisahihishwe.