Fridtjof Nansen, mtu aliyewapa wakimbizi karatasi



Kati yetu hakuna asiyejua uzito wa karatasi. Siku ya kupanda meli Kigoma kwa kurudi Baraka, watu waliacha vitanda, waliacha kuku, lakini karatasi ya familia waliifunga ndani ya plastiki na kuiweka kifuani. Hata leo tukipita vijijini kuandika majina ya waliorudi, mama anaifungua ile plastiki polepole mbele yetu. Karatasi imekunjwa mpaka imekatika katikati, na bado anaitunza.

Katika toleo hili tumeona vizuri tuwaelezee maisha ya mtu aliyefanya karatasi ya mkimbizi ikubaliwe na nchi nyingi. Jina lake Fridtjof Nansen. Hakuwa mkimbizi, wala hakuwa mkubwa wa jeshi. Alikuwa mtu wa Norwe, kule kaskazini ya Bulaya, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchunguza wanyama na barafu.

Alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1861 karibu na mji uliokuwa ukiitwa Christiania, leo unaitwa Oslo. Kwao theluji inafunika ardhi miezi mingi, na watu wanateleza juu yake na mbao ndefu nyembamba zilizofungwa miguuni. Nansen alikuwa hodari sana kwa mbao hizo. Chuo kikuu alisomea mambo ya wanyama, akatumika kwenye makumbusho ya mji wa Bergen, na mwaka wa 1888 akapata udaktari kwa uchunguzi wake juu ya mishipa ya fahamu.

Mwaka huohuo alitaka kuvuka Greenland, kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani, ambacho katikati ni barafu tupu. Waliojaribu mbele yake walianzia magharibi, kwenye vijiji, kusudi wakishindwa warudi. Yeye aligeuza mpango. Na wenzake 5 alianzia mashariki, ambako karibu hakuna watu. Maana yake nyuma hawakuacha kitu cha kurudia. Chakula na watu vilikuwa mbele tu. Wengi walisema ni wazimu. Walivuka. Walipofika upande wa pili, meli ya mwaka ilikuwa imeshaondoka, basi wakakaa na wenyeji majira yote ya baridi. Nansen alijifunza kwao kuwinda na kuendesha mitumbwi yao, na alirudi kwao Norwe mwaka wa 1889 akiwaheshimu sana.

Nyuma ya hapo alipanga safari nyingine. Mabaki ya meli iliyovunjwa na barafu upande wa Siberia yalikuwa yameokotwa Greenland. Nansen akafikiri: kama mabaki yamefika mpaka kule, basi barafu ya bahari inatembea. Akatengenezesha meli yenye tumbo la mviringo, kusudi barafu ikiibana, iinyanyue badala ya kuivunja. Meli iliitwa Fram, maana yake kwa lugha yao ni Mbele. Iliondoka mwaka wa 1893, ikashikwa na barafu, ikachukuliwa nayo karibu miaka 3. Mwaka wa 1895 Nansen na mwenzake Hjalmar Johansen waliiacha meli wakaenda kwa miguu na mbwa mpaka digrii 86 na dakika 14 za kaskazini, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa amefika. Kisha wakageuka. Majira ya baridi yakawakuta njiani, wakajenga kibanda cha mawe na ngozi, wakala nyama ya dubu. Agosti 1896 walikuwa Norwe, na meli nayo ikafika. Watu wote 13 walirudi wazima.

Kama angekufa wakati ule, angekumbukwa kama msafiri hodari, basi. Lakini kazi inayotugusa sisi aliianza alipokuwa karibu na miaka 60.

Vita ya kwanza ya dunia iliisha mwaka wa 1918. Vita iliisha, lakini mamia elfu ya wafungwa wa vita walibaki mbali na kwao, wengi huko Urusi mpaka Siberia, wakifa kwa njaa, baridi na magonjwa. Serikali nyingi hazikutaka kuzungumza na serikali mpya ya Urusi. Aprili 1920 Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia ONU ya leo, lilimwomba Nansen afanye kazi ya kuwarudisha. Alizungumza na pande zote mbili, akatafuta mikopo, akatafuta meli. Meli zilipita Bahari ya Baltiki zikiwa na watu kwenda na kurudi: zilipeleka Warusi kwao, zikageuka na wafungwa wa nchi nyingine. Mpaka mwaka wa 1922 walikuwa wamerudi watu zaidi ya 427,000. Sisi tunaojua maana ya orodha, lori, meli na chakula cha njiani, tunaweza kuelewa kazi hiyo.

Kumbe kulikuwa na shida nyingine. Zaidi ya Warusi milioni moja walikuwa wamekimbia nchi yao, na mwisho wa mwaka wa 1921 serikali yao ikawanyang'anya uraia. Mtu alikuwa yuko Istanbul au Paris, ana mikono ya kufanya kazi, lakini hana karatasi. Bila karatasi hawezi kuvuka mpaka kwenda kwenye kazi. Polisi wakimfukuza, nchi ya pili haimpokei. Anabaki kama mtu ambaye hakuzaliwa.

Nansen, ambaye tangu 1921 alikuwa kamishna wa kwanza wa wakimbizi, hakungoja mpaka dunia itengenezwe yote. Alitafuta kitu kidogo kinachowezekana. Julai 1922, huko Geneva, serikali kadhaa zilikubali karatasi moja: cheti chenye jina la mkimbizi, kitakachotambuliwa na nchi zilizokubali. Watu wakakiita pasipoti ya Nansen. Pole pole nchi zaidi ya 50 zilikitambua. Mwaka wa 1924 kikafunguliwa kwa Waarmenia, na baadaye kwa wengine. Mtunzi wa muziki Stravinsky na mchoraji Chagall walikuwa nacho, lakini wengi walikuwa watu wa kawaida, wafanyakazi wa viwanda na wamama wenye watoto.

Tusikipambe zaidi ya kilivyokuwa. Cheti hakikutoa uraia, na mwanzoni nchi iliyokitoa haikulazimika kukupokea ukitaka kurudi. Lakini kwa mara ya kwanza mtu asiye na nchi aliweza kuonyesha mpakani karatasi yenye jina lake, na ikakubaliwa.

Mwaka wa 1926 ikaongezwa stempu ya Nansen. Mkimbizi mwenye uwezo alilipa franga 5 za dhahabu, maskini hakulipa, na pesa ile ikasaidia wakimbizi wenye shida. Wakimbizi wakasaidiana wao kwa wao.

Wakati wa njaa kubwa ya Urusi, mwaka wa 1921 na 1922, serikali zilimkatalia mkopo. Akazunguka miji ya Bulaya akionyesha picha za watoto wenye njaa na kuomba raia wachange. Wengi waliokoka, wengi pia walikufa. Desemba 1922 alipewa tuzo ya amani ya Nobel, na pesa yake aliitoa kwa kazi za msaada.

Kuna jambo moja la maisha yake ambalo sisi waliorudi hatuwezi kulificha. Nyuma ya vita kati ya Ugiriki na Uturuki, Nansen aliunga mkono mpango wa kubadilishana watu. Mapatano ya Lausanne ya mwaka wa 1923 yaliuthibitisha: zaidi ya watu milioni moja wa dini ya Orthodox walihesabiwa kuwa wa Ugiriki, na Waislamu mamia elfu kuwa wa Uturuki, bila kuulizwa. Alifikiri hivyo damu haitamwagika tena. Lakini kupelekwa kwa nguvu mahali ambapo hukuzaliwa siyo kurudi nyumbani. Ndiyo maana leo mtu anaulizwa kwanza kama anarudi kwa hiari, na anatia sahihi mwenyewe. Hata mtu mkubwa anaweza kukosea, na makosa yake yanafundisha.

Nansen alikufa tarehe 13 Mei 1930. Ofisi ya wakimbizi iliyopewa jina lake ilipata nayo tuzo ya Nobel mwaka wa 1938. Mapatano ya wakimbizi ya mwaka wa 1951 yalichukua wazo lake la karatasi ya kusafiria. Na HCR inatoa tuzo yenye jina lake tangu 1954. Mwaka wa 2013 ilipewa Masista Angélique Namaika wa Dungu, hapa kwetu Kongo, juu ya kazi yake na wanawake waliokimbia vita.

Sasa tufike kwetu. Kati ya watoto wetu, wako waliozaliwa kambini na karatasi zao zimepotea. Wako pia waliozaliwa hapahapa nyuma ya kurudi, na hawajaandikwa. Mtoto wa namna hiyo akikua, kwenye mtihani, kwenye kazi, hata kwenye kura, ataulizwa yeye ni nani. Kumwandikisha kwenye ofisi ya leta ndani ya siku 90 tangu azaliwe ni bure. Siku zikipita, inabidi kupita kwenye tribinali, na huko safari na makaratasi vinakula pesa.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwanza, kila kiongozi wa kundi alete kwenye mkutano ujao orodha ya watoto wasio na karatasi ya kuzaliwa, na tarehe zao. Pili, tuzungumze kama sanduku la chama linaweza kutenga sehemu kidogo juu ya wale ambao siku 90 zimeshapita: mwenye uwezo achangie, asiye nacho asilipe. Stempu ya Nansen ilifanya hivyo karibu miaka mia iliyopita, na watu wake walikuwa wamepoteza kila kitu kama sisi.