Cao Cao: Kaburi la Jemadari Mbele ya Mahakama ya Ushahidi

Katika historia ndefu ya Uchina ni watawala wachache waliosemwa mengi, mema kwa mabaya, kama Cao Cao. Kwa karne nyingi waigizaji wa michezo ya jukwaani wamempaka uso rangi nyeupe, ambayo kwao ni alama ya mtu mwenye hila. Wengine wamemsifu kuwa jemadari hodari, mtawala mwenye akili na mshairi. Leo tunapenda kuwasimulia ndugu zetu askari wa jeshi na polisi maisha ya mtu huyu, kwa sababu mbili. Kwanza, kazi yake ya mwanzo ilikuwa kazi kama yenu. Pili, kaburi lake lilipoonekana baada ya miaka zaidi ya 1,700, lilipaswa kuthibitishwa kwa ushahidi, kama vile kesi yoyote ithibitishwavyo.

Cao Cao alizaliwa mwaka 155 katika wilaya ya Qiao, ambayo leo ni mji wa Bozhou katika jimbo la Anhui. Wakati huo Uchina ilitawaliwa na ukoo wa Han, lakini enzi hiyo ilikuwa imekwisha kudhoofika, na matowashi wa ikulu ndio waliokuwa na nguvu. Babu yake, Cao Teng, alikuwa mmoja wa matowashi hao. Naye, kwa kuwa hakuweza kuzaa, alimchukua Cao Song, baba wa Cao Cao, akamfanya mwanawe.

Alipofika umri wa miaka 20 hivi, kijana huyu alipewa usimamizi wa ulinzi katika sehemu ya kaskazini ya Luoyang, mji mkuu. Alitengeneza malango upya, akatundika marungu ya rangi tano kila upande, akatangaza kwamba atakayevunja sheria atapigwa, awe mkubwa au mdogo. Haukupita muda mrefu, ami wa towashi Jian Shuo, kipenzi cha Kaisari, akakamatwa akitembea usiku kinyume cha amri. Cao Cao hakumstahi. Mtu yule alipigwa hadi akafa. Adhabu ilikuwa kali kupita kiasi, lakini tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuichezea sheria katika sehemu ile.

Mwaka 184 wakulima waliokuwa wakijifunga vilemba vya njano waliasi, na Cao Cao akapelekwa vitani kuongoza kikosi cha wapanda farasi. Baada ya hapo nchi iligawanyika, kila jemadari akawa na jeshi lake. Mwaka 192 Cao Cao aliwashinda waasi wa Qingzhou, lakini badala ya kuwaangamiza alichagua walio bora miongoni mwao, akawaingiza katika jeshi lake. Mwaka 196 alimchukua Kaisari Xian, aliyekuwa akitangatanga bila ulinzi, akamweka katika mji wa Xu. Kuanzia siku hiyo amri za Cao Cao zilitoka kwa jina la Kaisari. Mwaka huo huo alianzisha mashamba ya serikali, ambayo yaliwapa kazi watu waliokimbia vita na kulipatia jeshi nafaka. Alifahamu kwamba askari mwenye njaa hashindi vita.

Hatuna budi kusema na mabaya yake. Baba yake alipouawa katika mkoa wa Xu, Cao Cao aliushambulia mkoa huo mwaka 193 na 194 kwa kulipiza kisasi, na raia wengi wasio na hatia wakauawa. Doa hilo halikufutika katika jina lake, wala halikustahili kufutika.

Ushindi wake mkubwa ulikuwa Guandu, mwaka 200. Adui yake, Yuan Shao, alikuwa na jeshi kubwa kuliko lake. Cao Cao alipopata habari kwamba akiba ya chakula cha adui imewekwa Wuchao, aliongoza mwenyewe kikosi kidogo usiku, akaichoma moto. Jeshi la Yuan Shao likavunjika. Lakini mwaka 208, akiwa amekwisha kuwa Waziri Mkuu, alishuka kusini kupigana na Sun Quan na Liu Bei, na katika vita vya mtoni vya Chibi meli zake zikateketezwa. Hakuweza tena kuiunganisha Uchina nzima.

Mwaka 216 alipata cheo cha Mfalme wa Wei. Mwaka 218, akijua uzee umemfikia, alitoa amri juu ya kaburi lake: lichimbwe katika ardhi ya juu isiyofaa kwa kilimo, magharibi ya hekalu la Ximen Bao, bila kurundikiwa udongo wala kupandiwa miti. Alipofariki Luoyang mwezi Machi mwaka 220, aliacha wasia kwamba azikwe kwa nguo za kawaida, bila dhahabu wala vito, na askari walio katika malindo wasiyaache kwa ajili ya maziko yake.

Kwa kuwa kaburi halikuwa na alama juu yake, watu walilisahau mahali pake. Hadithi zikazuka kwamba jemadari yule mwenye hila alichimbiwa makaburi 72 ya uongo ili kuwadanganya wezi. Vilima vilivyodhaniwa kuwa makaburi hayo vilipochunguzwa na wataalamu, vilionekana kuwa makaburi ya watu wengine wa zama za baadaye.

Habari za kweli zilitokea katika kijiji cha Xigaoxue, wilaya ya Anyang, jimbo la Henan. Huko watu walikuwa wakichimba udongo wa kufyatulia matofali, na wezi wa makaburi walikuwa wamekwisha kuingia chini. Mwezi Desemba 2008 wataalamu wa mambo ya kale wa jimbo hilo walianza kuchimba, na tarehe 27 Desemba 2009 ikatangazwa kwamba kaburi hilo ni la Cao Cao. Njia yake ya kushukia ina urefu wa karibu mita 40, na kina chake ni karibu mita 15. Ndani mlikuwa na vyumba viwili vikubwa, vyumba vinne vya pembeni, na mifupa ya watu watatu: mwanamume wa umri wa miaka 60 hivi na wanawake wawili.

Mara wengi wakapinga. Walisema kwamba baadhi ya vitu vyenye maandishi, kama mto wa jiwe wa kulazia kichwa, vilipatikana mikononi mwa wezi, na havikuchimbuliwa na wataalamu. Hoja hiyo ilikuwa ya haki. Kila polisi anajua kwamba kielelezo kisichojulikana kimepitia mikono ya nani hakina nguvu mbele ya hakimu.

Basi ilipasa kutazama vile vilivyochimbuliwa na wataalamu wenyewe. Miongoni mwake vilikuwamo vibao vya mawe vilivyoandikwa kwamba silaha iliyofungiwa kibao hicho, ya kupigana na chui milia, ilitumiwa na Mfalme Wu wa Wei. Tuangalie cheo hicho. Cao Cao alikufa akiwa mfalme, akapewa jina la Wu, maana yake mwenye ushujaa wa vita. Kabla ya mwaka huo wa 220 kwisha, mwanawe Cao Pi alimwondoa Kaisari wa mwisho wa Han, akakalia kiti hicho, naye akampandisha marehemu baba yake kuwa Kaisari Wu. Kwa hiyo jina la Mfalme Wu linalingana hasa na ile miezi michache ambayo Cao Cao alizikwa.

Shahidi mwingine alikuwa jiwe la kaburi la afisa mmoja aliyezikwa mwaka 345, lililopatikana kijijini hapo mwaka 1998. Maandishi yake yanaeleza kwa hesabu ya hatua umbali kati ya kaburi la afisa huyo na lile la Kaisari Wu wa Wei. Tena, mahali penyewe ni magharibi ya magofu ya hekalu la Ximen Bao, wala hapakuwa na rundo la udongo juu yake. Na umri wa yule mwanamume hauko mbali na ule wa Cao Cao, aliyekufa akiwa na miaka 66 kwa hesabu ya Kichina.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Fudan, mjini Shanghai, nao walichunguza damu ya watu wanaojihesabu kuwa wa ukoo wake, pamoja na meno yaliyotoka katika kaburi la ndugu wa Cao Teng huko Bozhou. Mwaka 2013 walieleza kwamba alama ya urithi ambayo baba humwachia mwanawe wa kiume ilikuwa moja. Hivyo ilionekana kwamba Cao Song hakutwaliwa kutoka ukoo wa kigeni, kama maadui walivyodai, bali alikuwa wa ukoo huo huo. Lakini tusichanganye mambo: uchunguzi huo uliithibitisha nasaba, haukupima mifupa ya Xigaoxue.

Uchimbaji wa mwaka 2016 na 2017 ulifunua misingi ya kuta na majengo yaliyozunguka kaburi. Yalikuwa yamebomolewa kwa utaratibu, si kwa uharibifu wa adui, na vitabu vya kale vinasema kwamba Cao Pi ndiye aliyeamuru majengo ya juu ya kaburi la baba yake yaondolewe. Serikali ya Uchina ilikuwa imekwisha kuliweka kaburi hilo chini ya hifadhi ya taifa mwaka 2013, na mwaka 2023 makumbusho yakafunguliwa mahali hapo.

Hivyo ndivyo jambo hili lilivyoamuliwa. Hapakuwa na shahidi mmoja aliyemaliza kesi. Kulikuwa na maandishi, mahali, umri, cheo na desturi ya maziko, kila kimoja kikisema neno lake, na vyote vikielekea kwa mtu mmoja. Waliopinga nao walifanya kazi njema, maana mashaka yao yaliwalazimisha wachimbaji kutafuta zaidi. Yule aliyeanza kazi kwa kulinda lango la mji, akitaka sheria iwe moja kwa mkubwa na mdogo, mwishowe naye alipimwa kwa kipimo kile kile cha ushahidi anachopimiwa kila mtu.